Singapore hadi Jakarta, Asubuhi Moja Kilburn

Kaka yetu mkubwa alikuwa baharia, akafia Jakarta. Baharia mwenzake alitupigia simu Kilburn, hapa London, sisi tukiwa ndio kwanza tumemaliza kusali Alfajiri. Kwao ilikuwa mchana tayari. Alisema watamzika baada ya Alasiri, lakini kama kuna ndugu anayekuja watamngoja mpaka karibu na Magharibi. Tuwapigie tu msikitini tuwaambie.

Ndugu alikuwapo. Mdogo wetu alifanya kazi Singapore, habari zilimfikia kabla yetu, na alikwishafika uwanja wa ndege, tiketi mkononi. Mama hakutaka kingine duniani ila mtu wa damu yake amtilie mwanawe udongo. Baba alichukuliwa siku za mapinduzi, tukiwa Unguja, na mpaka leo hatujui alifukiwa wapi. Mara hii mama alitaka pawe na jicho la kushuhudia.

Kwetu saa ya maziko husemwa na wanaume. Mama akakaa kitandani na tasbihi yake, akawaachia uamuzi ami yetu, ndugu yake baba, na kaka yangu wa pili. Nikilikumbuka hilo damu hunichemka.

Kaka alitandaza mezani atlasi ya shule ya mwanangu. "Ami, tazama. Kilomita kama mia tisa. Angani hata saa mbili hazifiki. Miye nikenda Woolwich kwa basi hukaa zaidi."

"Hizo za angani," ami alisema. "Na foleni ya paspoti je? Na njia ya kwendea makaburini? Maiti akishaoshwa hangojewi. Unataka kumweka mwenzio kwa sababu ya ramani?"

"Wenyewe wamekubali kungoja, ami."

"Miye sijakubali."

Kaka akanyanyua simu. Ami akamshika mkono. Kaka akamsukuma, mzee wa watu akaangukia kabati la vyombo, na alipoinuka alikuwa na bakora yake. Alimpiga kaka ya bega, ya shingo, ya mdomo. Damu ikadondokea atlasi. Kaka naye akamkaba koo, mtu aliyetulea, akawa anamgongesha kichwa ukutani. Nilimwuma kaka mkono mpaka nikaonja damu, asiachie. Walipoanguka, waliing'oa simu ukutani pamoja na waya wake.

Hapo ndipo walipoachana, wakaitazama.

Tulishuka dukani kwa Mhindi wa Nairobi, chini ya nyumba yetu, mama mbele, ushungi umemkaa upande. Alitupatia simu yake bila kuuliza kitu, maana vishindo vyote alivisikia. Laini ya Jakarta ilitukataa tena na tena, asubuhi nzima. Mwisho mama akaishika simu mwenyewe.

Aliyepokea kule msikitini alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amefika, na kwao jua lilikuwa bado halijazama. Ndege ilikwenda vile vile kaka alivyosema. Sauti yake tuliisikia sote.

"Wameshamzika, mama. Hakuna aliyewaambia nakuja. Nimekuta wanamwagia kaburi maji."

Mama alimwambia arudi akakae pale kaburini, asiondoke mpaka giza liingie. Akairudisha simu taratibu. Kisha mwanamke huyu, ambaye hakuwahi kumpiga hata mtoto, akamzaba ami kofi mbele ya wateja, kofia ikaruka mpaka kwenye magunia ya mchele. Akamgeukia kaka. Kaka akapiga hatua kuelekea mlangoni.

Mimi nikaufunga.