Picha Nyeupe za Kamera ya Kukunja

Kamera ile ilinigharimu suruali mbili za mtumba, koti lisilo na kifungo cha juu, mbuzi jike mmoja, mkanda wa filamu uliopitwa na wakati, na safari nne za baiskeli. Nimehesabu, nikarudia kuhesabu: safari ni nne. Usingizi sikuuweka kwenye jumla, maana sijawahi kuununua na bei yake siijui.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mabelo ya mitumba yalikuwa yameshafika Bariadi, wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na magari yao, na kila aliyeshika hela ya pamba alitaka kamera ndogo ya plastiki, ile ya kubonyeza tu. Zile za zamani za kukunja zikatupwa juu ya makabati. Mimi nikazikusanya. Unabonyeza kitufe, mlango unaanguka, na lenzi inatoka na mvukuto wake wa ngozi kama mtu anayechungulia dirishani. Nilijiambia nitaziuza Mwanza. Zilipofika kumi sikuwa nimeuza hata moja, na nilikuwa nimeacha kujidanganya.

Ya kumi na moja niliipata kwa mjane mmoja, kijiji cha njiani kuelekea Maswa. Mumewe alikuwa karani wa pamba, amefariki wiki chache nyuma.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia mama yule kwa Kisukuma.

"Mwadila. Unanunua au unashangaa?"

Nikatoa suruali moja.

"Moja avae nani? Nina vijana wawili. Waivae kwa zamu?"

Nikatoa ya pili. Akaangalia koti.

"Mayu, kamera yenyewe kuukuu."

"Na koti lako lilizaliwa jana?"

Nikampa koti. Ndipo akauliza, mkono wake bado juu ya kamera, "Ndani hamna kitu?"

"Ndani ni hewa tu, mayu. Kungekuwa na kitu ningekuongezea."

Sikuwa nimeangalia. Ni maneno ya biashara, hutoka yenyewe.

Nyumbani niliigeuza. Mgongoni kamera hizi zina kidirisha chekundu, na ndani yake unasoma namba ya picha iliyofikiwa. Nikasoma sita. Mtu mwingine angeridhika. Mimi mkono wangu haukubali hesabu ya mara moja, nikafungua mgongo wa kamera palepale mlangoni, jua la saa sita likinitazama, nihakikishe kama kweli mna mkanda. Ulikuwemo. Nikafunga haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mna mtu.

Siku ya tisa alikuja binti wa yule mjane, aliyeolewa Malampaka. Hakukaa.

"Kaka, ile kamera bado unayo?"

"Ninayo."

"Mshukuru Mungu, na sisi tumshukuru. Baba yumo humo."

Hakuna mtu aliyezoea kumpiga picha karani yule; mwenye kamera ndiye hukosekana kwenye picha zote. Mara moja tu, siku ya kwenda hospitali, alimpa binti huyu kamera, akasimama mlangoni, akapigwa picha. Ilikuwa picha ya mwisho. Picha ya sita.

Nikaangalia mlango, palepale nilipofungulia ile kamera.

"Baba wakubwa wanasema mama amemuuza baba kwa mtu wa barabarani," akaendelea. "Wanasema mke hafanyi hivyo kama hana anachoficha. Wamefunga nyumba. Mama analala jikoni. Siku ya kuondoa matanga picha isipoonekana, wanasema watajua la kufanya."

Mama yule alikuwa na macho mekundu, ya miaka arobaini ya moshi wa jikoni. Wa kwetu hawahitaji nimalizie. Kwa wengine nitasema tu kwamba huku kwetu wanawake wazee wenye macho kama yale walishaitwa wachawi, wakauawa kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Nilimpelekea mkanda fundi picha wa Bariadi, mwenye stodio na chumba cha giza. Akausafisha, nami nikasubiri nje, nikihesabu mabati ya paa la jirani. Akatoka na mkanda unadondosha maji.

"Ya kwanza hadi ya tatu safi. Ng'ombe, ng'ombe, na mama anacheka. Ya nne na ya tano zina ukungu. Ya sita imeungua yote. Nani alifungua?"

"Sijui."

"Unajua," akasema, akaingia ndani. Aliporudi alinipa karatasi sita. Ya sita ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka dukani.

Hapo ndipo nilipoogopa sawasawa. Kukosa picha ni jambo moja. Kuwapelekea watu wale picha nyeupe ni jingine: wangesema marehemu amekataa kuonekana mbele ya mkewe, nami ningekuwa nimewaletea hukumu mkononi. Kulikuwa na njia nyepesi, kupotea. Bariadi ina njia nyingi za kutokea, na nilizihesabu zote. Lakini kila njia niliyoihesabu ilimwacha yule mama jikoni.

Nikaenda. Walikuwa ndugu watatu wa marehemu, wamekaa uani, na yule mkubwa alikuwa amevaa koti langu. Nikaweka picha juu ya mkeka. Waliangalia ng'ombe kwa muda mrefu, wakawataja mmoja mmoja. Walipofika kwenye nyeupe, wakaigeuza wakaangalia nyuma yake.

"Ni mimi," nikasema kabla mtu hajatamka neno. "Nilifungua kamera juani. Jua limeunguza. Mama hana kosa."

"Ngosha," mkubwa akasema, "unasema jua limefuta mtu?"

"Limefuta, baba. Mimi ndiye niliyelifungulia mlango."

"Mimi niko juani tangu nizaliwe. Mbona sijafutika?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka nikiwa nimechelewa, peke yangu. Yule mkubwa alitazama upande wa jikoni, na macho yake hayakuwa na kicheko hata kidogo.

Sijui nilipata wapi ulimi. "Nikupige wewe, baba. Picha mbili. Moja niitunze, moja niifungulie jua mbele ya macho yako. Nikirudi na zote mbili nzima, nifanyeni mnavyotaka."

Safari nyingine nikarudi na mkanda wa zamani aliokuwa nao fundi. Mkubwa akakaa kwenye kigoda, magoti pamoja, kidevu juu. Nikapiga ya kwanza, nikazungusha, nikapiga ya pili. Kisha nikafungua mgongo wa kamera mbele yao wote, na nikahesabu hadi kumi. Mara mbili. Siku nilipoleta majibu, ya kwanza ilimwonyesha yeye na koti, ukungu kidogo pembeni. Ya pili ilikuwa nyeupe tupu, pacha wa ile ya mdogo wake.

Aliilinganisha na ile nyingine kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo na mimi umenifuta?"

"Karatasi tu, baba. Wewe mwenyewe upo."

"Hata yeye alikuwepo siku ile."

Hakuna aliyecheka. Akatoa ufunguo wa nyumba, akamtupia mjane. Akanitoza mbuzi jike kwa kufungua kisichokuwa changu, nami kwa mara ya kwanza maishani sikuomba kupunguziwa. Picha yenye uso aliifunga kwenye kitambaa. Nyeupe yake hakuigusa.

"Hiyo kaa nayo wewe. Ukiipoteza nitajua."

Nikiwa nafunga mzigo kwenye baiskeli, mjane akanisogelea. "Ulisema ndani ni hewa," akasema, kisha akaingia nyumbani kwake.

Mzee yule bado yu hai. Lakini nikisikia mnadani kwamba anaumwa hata jino, mimi ndiye nisiyelala: akifa, watasema ni mimi niliyemfuta. Fundi anasema ni karatasi tu. Nilipomwomba aitunze yeye, alikataa kabla sijamaliza sentensi. Kuichoma siwezi, kuitupa nimekatazwa, na kumpelekea mwenyewe ni sawa na kumkumbusha. Ninyi mlionizidi akili, na hasa ninyi wa kwetu, nishaurini: nifanye nini na picha hii, na nifanye lini, akiwa bado mzima au nisubiri?