Chaza Waliofumba

Fundi anapiga lipu chumba cha mwanangu, kilichokuwa changu zamani, na harufu ya chokaa mbichi imenirudisha utotoni, mbele ya ukuta huu huu. Mvua ilikuwa imeibandua lipu, na ndani ya mawe ya matumbawe yaliyojengea ukuta nikaona chaza wengi waliogeuka mawe.

“Bibi, hawa wamekufa lini?”

Bibi, aliyeokota chaza pwani maisha yake yote, aliwapapasa mmoja mmoja. Mkono wake ukasita.

“Chaza akifa hufunguka, mjukuu wangu. Hawa wote wamefumba.”

“Kwa nini?”

“Walifukiwa wazima. Hata hodi hawakupigiwa.”

Siku ile ile alikiburura kitanda changu mbali na ukuta.

Sasa fundi ananiuliza kitanda cha mtoto akirudishe wapi, nami namwonyesha katikati ya chumba, mbali na ukuta.