Mkono Uliobaki wa Profesa

Profesa wa sheria hufuta ubao kwa kiwiko, maana mkono mmoja aliobaki nao umeshika chaki, na kila anapotaka kusema neno zito hukohoa kwanza. Hosea Gadsden, aliyezaliwa mtumwa hapa Carolina na kufundishwa naye kusoma akiwa tayari na mvi, anakijua kikohozi hicho. Leo profesa ndiye wakili wa Hosea na wanafunzi wenzake watano mahakamani, wakiandikisha shamba lao.

"Chora msalaba hapo badala ya jina," karani alisema.

Hosea akaandika jina lake lote, kwa mkono wa kushoto. Wenzake watano nao wakaandika kwa kushoto.

"Mbona nyote kushoto?"

"Mkono wa kulia mwalimu wetu aliuacha vitani akitukomboa, bwana. Tukadhani ndivyo wasomi wanavyoandika. Sasa tunajua, na hatubadilishi."

Nyuma yao profesa alikohoa. Wakamsubiri. Neno halikutoka.