Baba Anahesabu Raundi

Mchezo wangu ni umeme mkali: cheche zinazoruka kati ya vyuma viwili kwa mlio wa kitu kinachokaangwa. Majirani wa mtaa wetu wa Viwanja Sitini wanaona nimechanganyikiwa, na siwalaumu. Mwaka huu nilitaka kujitengenezea transfoma ya kupandisha na kushusha volti kwa kuzungusha kishikio, ili cheche nizianzishe polepole badala ya kuchomeka tu na kumwomba Mungu.

Duara la chuma nililitoa kwenye mota iliyoungua ya mashine ya kukoboa mpunga. Kulisukia waya wa shaba kulitaka watu wawili, mmoja asuke, mwingine ahesabu raundi. Nikamwomba baba. Alisuka upya mota zilizoungua za bonde hili, Namawala mpaka Lupiro, kabla mikono haijaanza kutetemeka. Dada yangu alikuwa ameniambia baba anasahausahau mno siku hizi, nami nikamjibu kwa ukali kwamba uzee si ugonjwa. Nilitaka hesabu ile imuumbue dada.

Asubuhi tulikaa barazani. Baba alihesabu vizuri mpaka mia moja na themanini, kisha akasema, "Sitini na moja."

"Mia na themanini na moja, baba."

"Si ndiyo niliyosema? Suka."

Nami nikaingiwa na shaka, tukafumua yote. Safari ya pili alipotea kwenye tisini. Nikafoka, "Baba, kuhesabu tu!" Aliinamia magoti yake, na nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaanza tena, nikihesabu moyoni huku nikimwacha ataje namba alizopenda.

Mchana tulimaliza. Nilipotaka kuchomeka, alinidaka mkono.

"Unganisha balbu kwanza, mjinga wewe! Ikiwaka sana, ujue waya zimegusana."

Balbu haikuwaka; waya zilikuwa salama. Nikazungusha kishikio, mshale wa mita ya volti ukapanda taratibu. Baba alicheka, nami nikacheka kuliko yeye. Nilikuwa tayari kumpigia dada simu.

Nikaingia ndani kunawa. Niliporudi barazani, baba aliinuka kwa shida, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee," aliniambia. "Karibu. Fundi ndiye mimi."

Nilitafuta utani usoni mwake, haukuwepo. Akarudia kwa sauti ya juu zaidi, akidhani mgeni hasikii vizuri, kisha akangoja.

"Marahaba," nikamwitikia baba yangu.