Mwoka Mikate Aendapo Kufilisika

Mama mwoka mikate wa mtaa wetu hugonga vitu. Mkate ukitoka jikoni huugeuza, akaugonga chini kwa kidole na kusikiliza kama umeiva. Siku hizi hugonga kila kitu, hata boneti ya gari langu. "Hili bado bichi, mwanangu," aliniambia nilipompeleka kwenye kikao chake cha kufilisika, ambapo sheria humfutia madeni aliyeshindwa kulipa. Bili za hospitali zilikuwa zimemzidi kimo. Mji wetu umebanwa na milima, habari haina pa kutorokea, kwa hiyo aliitangaza mwenyewe dukani huku akifunga mikate: "Alhamisi sifungui, nakwenda kufilisika."

Msimamizi wa ufilisi alimwapisha, akamuuliza ana mali gani ya thamani. "Jiko, na goti moja zima." Alicheka peke yake; mimi sikucheka, maana jiko likichukuliwa, kazi imekwisha. Msimamizi akapekua karatasi, akasema sheria inamwachia vifaa vya kazi. Kisha akauliza kama kuna mdai mwenye swali. Wadai huwa hawaji, lakini nyuma yetu alisimama Dewey Ledford, muuza unga, ambaye deni alilomdai lilikuwa kwenye orodha ya kufutwa. Mwoka mikate akaacha kutabasamu, vidole vikatulia mezani.

"Ninalo moja," Dewey alisema. "Jumamosi unafungua? Mke wangu hanipi amani, anaulizia mkate wako."

Maswali yote ya msimamizi mwoka mikate alikuwa ameyajibu bila kigugumizi. Hilo likamshinda. Akafunika uso kwa viganja vyake vipana, mabega yakitikisika.

"Bado uko chini ya kiapo, mama," msimamizi akamwambia taratibu. "Mjibu."

"Saa moja asubuhi," akasema, uso ungali viganjani.