Kompyuta ya Vitu Kumi

Ndugu yangu mdogo alikuwa na ugonjwa wa damu, ule wa kurithi, unaoshika mifupa kila baridi ikizidi, na mvua ya Kakamega haina adabu. Daktari alimkataza mpira tangu darasa la nne. Alikatazwa mengine mengi, lakini mpira ndio alioulilia. Alipomaliza kidato cha nne akahamia kwangu mjini, kwenye chumba kimoja nilichopanga nyuma ya soko, kwa sababu hospitali ilikuwa karibu. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Yeye siku nyingi alikuwa kitandani.

Shule yake ilikuwa imepewa kompyuta mbili za msaada, na katika mojawapo kulikuwa na mchezo wa mbio za magari. Hakuwa na habari nyingine ila hiyo. "Dada," aliniambia, "kwenye hiyo kitu mimi nakimbia-nga kama watu." Sasa mtu akikwambia hivyo, utaendelea kununua viatu? Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na sote nyumbani tulijua, ingawa hakuna aliyelitamka, kwamba miaka yake nayo ilikuwa michache. Nilitaka akimbie kabla hajaondoka. Sikuwa na sababu nyingine.

Kompyuta nzima hatungeiweza hata kama mama angeuza kuku wake wote. Lakini karibu na stendi kulikuwa na fundi wa redio aliyenunua mashine kuukuu za ofisi na kuzivunja. Alikubali tuchukue kipande kimoja kila mwisho wa mwezi mpaka mashine itimie. Ndugu yangu akaandika orodha kwenye karatasi ya daftari, akaifuta, akaiandika tena. Mimi nikaipiga chapa ofisini, bosi akidhani nafanya kazi yake. Kasha. Pawa saplai, ya kugawa umeme. Bodi, ambayo vingine vyote huchomekwa juu yake. Prosesa. Memori. Kadi ya picha. Diski. Skrini. Kibodi. Mausi. Vitu kumi, kila kimoja kwenye mstari wake, na nambari pembeni.

Kabla haijapigwa chapa, tulikuwa tumegombana juu ya ile karatasi kuliko tulivyowahi kugombana maishani. Fundi alisema pawa saplai isiwe ya bei rahisi. "Radi ya hapa inachoma-nga vitu, na stima ikirudi inarudi na hasira." Ndugu yangu alitaka pesa ziende kwenye kadi ya picha, maana bila hiyo gari lingeonekana kama tofali. Nikamwambia kwamba tofali linalowaka ni bora kuliko gari lililoungua. Alinuna siku mbili. Mwishowe tulinunua pawa saplai nzuri na kadi ya picha ya wastani, na kilichokatwa ni kadi ya sauti. "Mimi mwenyewe nitanguruma," akasema.

Na kweli alinguruma. Mashine ilipotimia alikaa mbele yake, blanketi mabegani, akiiga injini kwa midomo mpaka jirani akauliza kama nimenunua kinu cha kusaga. Ule mchezo ulihifadhi kwenye diski nyakati zake bora, pamoja na jina alilojipa, na hata mbio zenyewe, ili aweze kuzitazama upya au kushindana na gari lake la jana. Nilikuwa narudi kutoka kazini namkuta anakimbizana na yeye mwenyewe. Ilikuwa miezi mitano. Kisha ukaja msimu wa mvua ya mawe, kifua kikamshika, akalazwa, na hakurudi.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi, waliofiwa hunyolewa, kisha vitu vya marehemu hutolewa uani na kugawiwa jamaa. Hakuna kinachofichwa. Anayeficha huambiwa anamzuia marehemu asilale, na mama aliliamini hilo kabisa. Kwa hiyo niliileta kompyuta kutoka mjini, nikaiweka kwenye nyasi pamoja na jaketi lake, viatu vyake na redio ndogo. Nyumbani hakukuwa na umeme. Mimi peke yangu, kati ya wote waliokuwa pale, ndiye niliyekuwa nimeiona ikiwaka.

Baba mkubwa, mwalimu mstaafu anayependa mambo yenye maandishi, ndiye aliyesimamia. Aliuliza kama marehemu aliacha orodha ya mali yake. Nami kwa ujinga wangu, nikitaka waone kwamba kile ni chombo cha maana kilichonunuliwa kwa jasho, wasije wakakitupia kuku, nilimpa ile karatasi.

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Kasha, moja." Akatazama huku na huku, akampa binamu mmoja. "Skrini, moja." Mjomba akasema hiyo terevisheni aachiwe yeye, kwa kuwa upande wa mama haujapata kitu. Nikainuka na kichwa changu kipya, kilichonyolewa, kikiwashwa na jua.

"Baba mkubwa, hiyo yote ni kitu kimoja. Ukiigawa haiwi kitu."

Alinitazama kwa upole, kama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi. "Lakini wewe mwenyewe umeandika kumi, mwanangu. Na nambari umeweka."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha matanga. Mama akanivuta gauni nikae. Kisha wakalifungua kasha kwa bisibisi, na kwa kuwa hakuna aliyejua kipi ni kipi, niliitwa nionyeshe. Nilionyesha. Bado najichukia kwa hilo. Nilinyoosha kidole, hii memori, hii kadi, hii diski, na kila nilichokigusa kikaondoka. Binamu yangu mchimba dhahabu wa Malinya aliomba bodi, prosesa, memori na diski kwa pamoja. Nilifurahi, nikidhani angalau hivyo vitakaa mahali pamoja.

Nilikaa mjini wiki sita nikikwepa ule ukuta ambao mashine ilikuwa imeuegemea. Halafu nikaanza kuzunguka nikiomba. Sikutaka mali. Nilitaka kuiwasha mara moja, nitazame lile gari lake likizunguka. Mjomba, ambaye kwake kulikuwa na stima, alinirudishia skrini bila ubishi, amechoka kungoja ishike stesheni. Kasha, pawa saplai, kadi, kibodi na mausi nilivipata kwa chai na maneno mazuri. Vikabaki vile vinne vya Malinya.

Binamu nilimkuta kando ya shimo, magoti mekundu kwa udongo, akiosha mchanga kwenye karai. Alinipokea vizuri, akanitafutia jiwe la kukalia. Nilipomweleza nilichofuata, aliweka karai chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Dada, ndugu yako walimdanganya," alisema, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Watu wanasema-nga kompyuta iko na dhahabu. Na mimi niliona ile njano kwa macho yangu. Nikatwanga zote, nikaosha na zebaki kama mawe yetu. Hakuna kitu."

"Na ile diski, ile ndogo, nzito?"

"Hiyo ndiyo nilianza nayo, venye ilikuwa nzito. Imenivunjia nyundo. Siku mbili, dada. Na ndani haikuwa na kitu."

Alinionyesha vumbi la kijani alilolimwaga kando ya kijito, kama ushahidi kwamba hakunificha chochote. Nililitazama muda mrefu. Nilitaka kumpigia kelele, lakini alikuwa amesimama pale akingoja nimwambie kitu, mkono kiunoni, mgongo ukimuuma.

"Pole na kazi," nikamwambia.