Begi la Gitaa la Plamedi

Binti yangu Plamedi husuka nywele za watu asubuhi na hupiga gitaa la besi jioni. Kazi hizi mbili hazipatani. Nyuzi za besi ni nene, zimemwotesha sugu kwenye ncha za vidole, na wateja wake hapa Ngaba, mtaa wetu wa Kinshasa, hulalamika kwamba anawakwaruza kichwani.

"Plamedi, leo umekuja na misumari?" humwuliza.

Yeye hucheka tu, akaendelea kusuka huku mguu wake ukigonga sakafu kwa mapigo anayoyasikia peke yake.

Alianzia kanisani. Mpiga besi wa kwaya alipohama, gitaa lilibaki limeegemezwa ukutani, na kila Jumapili Plamedi alilitazama lile gitaa badala ya kumtazama mchungaji. Siku moja akalichukua. Baadaye bendi ya Mwinda, kule Yolo, ikapata habari zake. Mwenye bendi, Mzee Lukoki, ambaye kila mtu humwita Prezida, alimweka benchi muda mrefu akimtazama mwenzake akipiga. Wanamuziki walimtuma sigara, akaenda, akarudi, akakaa tena. Kisha siku moja yule mwenzake hakutokea, na Plamedi akakalia kiti chake, msichana pekee kati ya wanaume wazima. Mwanzoni niliogopa kwamba bendi itamharibu. Nilipomwona anapiga, uso wake umetulia kama wa mtu aliyefika kwao, nikaanza kuogopa kwamba bendi itamwacha.

Katika bendi zetu ala ni mali ya Prezida. Zinalala kwake, zimefungiwa, na mwanamuziki huja mikono mitupu na kuondoka mikono mitupu. Ndiyo maana mtu akionekana barabarani na begi la gitaa mgongoni, watu hawaulizi anakwenda wapi. Wanajua anahama. Mpiga gitaa mmoja wa Mwinda alifanya hivyo mwaka huu huu. Alipita mchana na begi lake, akawasalimu watu vizuri, akaenda mtaa wa Bandal kwenye bendi nyingine, na hakurudi. Mashabiki wa Yolo wana kidonda hicho mpaka leo.

Basi shangazi yake Plamedi, Odette, anayeishi Liège, Ubelgiji, akamtumia besi iwe mali yake mwenyewe. Ilifika katikati ya nguo, imeviringishwa blanketi, bila begi. Besi ya Mwinda imezeeka, inanguruma hata isipoguswa. Prezida akasema, "Ilete Alhamisi mazoezini tuisikie. Ikiwa nzuri, Jumamosi utaipiga harusini." Plamedi alirudi nyumbani akiimba. Mimi nikaanza kufikiria barabara ya kutoka Ngaba mpaka Yolo, pikipiki, mashimo, na wale vijana wa mapanga wanaosimama kwenye kona ya duka la mbao.

Tulikwenda soko la Zikida, kwa Papa Nzuzi, ambaye huuza mabegi na masanduku ya ala yaliyotumika Ulaya. Tulibeba besi ndani ya blanketi lake, mimi nikishika kichwa, Plamedi akishika tumbo, kama watu wanaompeleka mgonjwa.

Papa Nzuzi alituonyesha kwanza sanduku gumu jeusi, akalipiga kofi. "Hili hapa, mama. Hata gari likilipanda, besi yako inaendelea kulala."

"Hilo ni jeneza," nikasema.

"Mama, uliwahi kusikia maiti amevunjika ndani ya jeneza?"

"Papa, mimi napanda pikipiki," Plamedi akamwambia. "Nikiwa na hilo, dereva atanipeleka makaburini bila kuuliza."

Akashusha begi jekundu lenye nakshi za uzi mweupe. Plamedi macho yakamng'aa. Alipoingiza besi, kichwa chote kilibaki nje, masikio ya kukazia nyuzi yakatutazama.

"Hili ni la gitaa la kawaida," Plamedi akasema.

"Gitaa na besi ni ndugu."

"Ni ndugu, lakini huyu ni mrefu. Utamkata shingo?"

La tatu lilikuwa refu vya kutosha. Nililibana kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vikakutana. Nikamrudishia hapo hapo. Wakati huo nilikuwa nimeshamwona mwanamume mmoja kwenye meza ya viatu vya mitumba, upande wa pili wa njia. Alikuwa ameshika kiatu mkononi, lakini hakuwa anatazama kiatu. Nikasogea nikasimama kati yake na besi.

La nne lilikuwa la kijivu, rangi ya kitambaa cha kudekia, halina nakshi wala maandishi. Nikalibonyeza kwa kiganja, nikangoja. Sponji ikapanda polepole, ikarudi ilipokuwa. Nikanusa ndani, maana gundi mbichi huyeyuka kwenye jua letu na sponji huteremka yote chini ikajikusanya kama ugali. Haikunuka. Nikavuta zipu kwenda na kurudi, nikageuza kitako cha begi nje nione mshono. Pale ndipo uzito wote unapokaa, na pale ndipo begi hutoboka.

"Mama," Papa Nzuzi akasema, "unanunua begi au unamwoza binti?"

"Ningekuwa namwoza ningeuliza machache."

Watu wa meza ya jirani wakacheka. Plamedi hakucheka. Alikuwa ameingiza mkono wote ndani ya begi, anatafuta kitu.

"Shingo inalala wapi?" akauliza.

"Hilo ndilo swali la fundi," Papa Nzuzi akasema, akamwonyesha. Ndani kulikuwa na mto mdogo mgumu na mkanda wa kufungia shingo, ili kichwa kisiguse kitu hata begi likianguka. Plamedi alinieleza kwamba besi ikianguka haivunjiki tumboni, huvunjika pale kichwa kinapoungana na shingo, na ikishavunjika pale hairudii sauti yake. Tangu aliponiambia hivyo sikutaka kutazama begi jingine.

"Ni baya, mama," akalalamika kidogo. "Lile jekundu..."

"Hili hakuna atakayelitamani."

Nikalipa. Nilipogeuka, yule mwanamume wa viatu hakuwepo. Hilo halikunipa amani. Tulirudi nyumbani kwa njia ya mzunguko.

Alhamisi, Plamedi akioga, mimi nilijaza mifuko ya begi. Ilikuwa mikubwa, na mfuko mtupu hunikera. Niliweka taulo la kufutia nyuzi. Nikaweka blauzi safi, kwa sababu atatoka jasho. Nikaweka chikwanga, mkate wetu wa muhogo, na kipande cha samaki wa chumvi, kwa sababu kule hawampi kitu. Kisha nikatazama mawingu. Mvua ya Kinshasa ikinyesha, njia hukatika na mtu hulala alipo, kwa hiyo nikaongeza kanga na mswaki. Nikafunga zipu.

Nilimwambia kwamba safari ya kwanza naenda naye. Tukapanda pikipiki, yeye katikati na begi mgongoni, mimi nyuma nimekumbatia begi, nimelishika shingo. Kwenye kona ya duka la mbao vijana walikuwepo. Mmoja akatufuata kwa macho mpaka tukapita. Tulipoingia Yolo salama nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikadhani hatari imebaki nyuma yetu.

Mbele ya uwanja wa Prezida kuna meza ya Mvuemba, mchoma nyama ya mbuzi na mkuu wa mashabiki wa Mwinda. Kila mtu pale, hata anayemzidi umri, humwita Ya Mvuemba, kaka mkubwa. Alikuwa anakata nyama. Alipoona Plamedi anashuka na begi, kisu kikasimama.

"Plame. Mgongoni kuna nini?"

"Besi, Ya Mvuemba."

"Besi ya Mwinda iko ndani. Nimeiona asubuhi."

"Hii ni yangu."

"Yako!" Akawageukia wenzake waliokuwa wanakunywa. "Mmesikia? Ana yake."

Viti vikasogezwa. Watu wakainuka, si kwa haraka, lakini wote.

"Prezida anajua," Plamedi akasema. "Yeye ndiye aliyeniambia niilete."

"Hata yule wa Bandal Prezida alijua. Alijua kesho yake!"

Kicheko, lakini si cha furaha. Mvuemba alifuta mkono kwenye aproni, akagusa mfuko wa mbele wa begi. "Besi ina kitambi hapa?" Kabla sijafika, alikuwa ameshavuta zipu. Akatoa taulo. Akatoa chikwanga. Akatoa blauzi, akainyoosha juu watu waione. Kisha kanga. Na mwisho kabisa akatoa mswaki.

"Mswaki!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Mama wee, mswaki!"

"Nani anakwenda mazoezini na mswaki?"

"Bandal wana vyumba vya kulala siku hizi?"

"Ni mimi niliyeweka!" nikasema. "Niliona mawingu. Nilifikiri mvua..."

"Eeh, mama naye yumo! Amemfungia mtoto virago!"

Nilikuwa nimelichagua begi kwa kuwaogopa wezi, na sasa watu waliomshangilia binti yangu kila wiki ndio walioshika mikanda yake. Mmoja alivuta huku, mwingine kule. Plamedi akayumba. Nikaweka mikono yote miwili kwenye shingo ya begi nikashikilia.

Prezida akatoka kwa sababu ya kelele, fulana ya ndani imemkaa tumboni, taulo begani. Watu wakaachia mikanda. Mvuemba akampa mswaki. Prezida akaugeuza mkononi, kisha akamtazama Plamedi.

"Bandal wamekupigia simu?"

Nilitaka kujibu kwamba hapana. Plamedi alitangulia.

"Walinipigia."

Mimi sikuwa najua. Kelele zikapanda tena, Prezida akainua mkono.

"Ukawajibu nini?"

"Niliwaambia nina kiti changu Mwinda."

"Hata yule aliniambia ana kiti chake." Prezida aliongea taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Sikia, mwanangu. Besi na begi vitalala kwangu pamoja na ala nyingine. Ukikataa, rudi navyo kwenu sasa hivi, na kesho usije. Nina mtu benchini."

Namjua mzee mmoja jirani yetu ambaye tarumbeta yake ililala kwa mwenye bendi, na imelala mpaka mwenye bendi amekufa. Kitu kikiingia chumba cha ala hakitoki. Nilimwona Plamedi amefinya mikanda ya begi, zile sugu zake zimekuwa nyeupe. Akitoa besi, amepoteza zawadi ya shangazi yake. Akiondoka nayo, amepoteza kiti, na watasema waliyajua tangu mwanzo. Alifungua mdomo. Niliogopa neno lolote litakalotoka.

"Nivalishe," nikamwambia.

"Mama?"

"Nivalishe begi."

Akanitazama kama mtu aliyepandwa na homa, lakini akavua mkanda mmoja, kisha wa pili, akaniwekea mgongoni. Mikanda ilikuwa mirefu kwangu. Begi likanipiga mapajani, na kichwa chake kikasimama juu ya kilemba changu.

"Prezida," nikasema, "anayehama huondoka na begi mgongoni, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi mtazameni mgongo wake."

Wakamtazama. Hakukuwa na kitu, isipokuwa alama mbili za jasho pale mikanda ilipokuwa.

"Besi hii itakuja mgongoni kwangu na itaondoka mgongoni kwangu. Yeye ataingia mikono mitupu na atatoka mikono mitupu, kama wanamuziki wako wote. Na Bandal wakinipigia simu mimi, nitawaambia sijui kupiga."

"Mama, Bandal wanachukua yeyote!" Mvuemba akasema, na safari hii watu walicheka kweli. Prezida hakucheka.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi pia."

"Tukienda kupiga Matadi?"

Magari huniumiza tumbo, na njia ya Matadi ina kona zake. "Hata Matadi," nikasema.

Prezida akautazama mswaki uliokuwa bado mkononi mwake, akautia mfukoni mwa suruali. "Huu utalala kwangu," akasema, akageuka kuingia ndani. "Plamedi, kiti kinakungoja. Mnachelewesha mazoezi."

Nilikaa kwenye benchi la ukutani mazoezi yote, begi tupu limelala mapajani. Sijui kueleza muziki. Najua tu kwamba besi ile ilipoanza, benchi nililokalia lilitetemeka, na Prezida, aliyekuwa amekunja uso, aliacha kuukunja. Mvuemba alikuwa mlangoni. Kila wimbo ulipokwisha, hakumtazama Plamedi usoni, alimtazama mikono.

Jua lilipokuwa linashuka wakamaliza. Plamedi akafunga shingo ya besi kwenye mto wake, akavuta zipu, akanivalisha, akarudi nyuma. Tukatoka, yeye mbele akipunga mikono mitupu, mimi nyuma nikipita mlangoni ubavu ubavu ili kichwa kisigonge. Mashabiki wakatusindikiza mpaka barabarani, wakasimama pale. Begi lilikuwa zito, mikanda ilinikata mabega, na kwenye kona ya duka la mbao nilijua ni nani walikuwa wanatungoja. Pikipiki ikasimama. Nikainua mguu, nikashindwa kuupitisha. Plamedi akanyoosha mkono aniinulie begi.

"Usiguse," nikamwambia. "Wanatutazama."